Mpini wa Turubai Uko Kabatini Mwangu

Shangazi, shikamoo. Nakuandikia nikiwa kazini, nimejifungia stoo ya vifurushi kwa kisingizio cha kupanga rafu, kwa sababu nyumbani siwezi kuandika haya, na nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujaniita jina ninalostahili, maana ninachokuomba ni ushauri wa kuchagua turubai la kivuli la nyumbani, lile linalofungwa ukutani juu ya baraza, ukilitaka unalikunjua na usipolitaka unalikunja, lakini nikikuuliza hilo peke yake nitakuwa nimekudanganya na wewe, na watu niliokwisha kuwadanganya wananitosha.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, nimeolewa, watoto wetu wawili wanasoma shule ya bweni, mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu, akiondoka leo namwona baada ya siku tisa au kumi, na mimi niko kaunta ya posta mwaka wa kumi na nne huu. Watu wananisemesha kupitia tundu la kioo tangu asubuhi, mmoja stempu, mwingine kifurushi, mwingine anauliza asaini wapi, na akishasaini anaondoka. Nalisema hilo mapema ili ujue ni mtu wa namna gani anayekuandikia, sitafuti huruma.

Mama mkwe wangu alihamia kwetu mwaka jana baada ya kufanyiwa upasuaji wa macho. Ni mjane wa miaka sabini na mbili, na kabla hajastaafu alifanya kazi miaka thelathini kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, yeye ndiye wa kupiga pasi na kukunja mashuka, na mkono wake haujasahau, kila kinachopita kwake kinakunjwa pembe kwa pembe, hata tambara la jikoni, na mimi nikirudi kazini nakuta nguo zangu zimeshapigwa pasi na kupangwa kabatini wala sikumwomba. Siwezi kukwambia ni mama mkwe mbaya. Angekuwa mbaya ningekuwa na pa kuegemea.

Daktari alisema macho yake yasikutane na jua kali wala mng'ao wa sakafu. Sasa nyumba yetu inatazama magharibi, ikifika saa nane mchana jua linahamia barazani kwetu, saruji inawaka moto, na ndani kuna joto na giza, naye ni mtu wa kupenda kuona wapita njia, basi akawa anashinda nyuma ya pazia la sebuleni analifungua kidogo kwa vidole viwili. Mume wangu akaona hapana, mama atafutiwe kivuli, akaniachia mimi nichague kwa kuwa ndiye ninayesoma maandishi madogo.

Na nililichagua lile turubai kwa moyo wangu wote, Shangazi, tafadhali liamini hilo hata kama mengine hutayaamini. Nilizunguka maduka matatu, nikapima ukuta kwa futi ya kushonea, nikaomba vipande vya vitambaa nikavimwagia maji ya ndoo nione kipi kinavuja, kisha nikavianika wiki nzima nione kipi kinapauka. Nilikataa bati kwa sababu bati likishakaa limekaa, asubuhi unapotaka mwanga linakunyima, nikakataa ule mwavuli mkubwa wa kusimamisha chini kwa sababu upepo wetu unaung'oa, nikachagua la kukunjua la kitambaa kizito, kijani iliyokolea ili mwanga usipenye ukamchoma mama. Fundi alipokuja akaniuliza nataka la kitufe, la umeme, au la kuzungusha kwa mpini, yaani kile chuma kirefu chenye kulabu kichwani unachokichomeka kwenye pete ya turubai, akasema kwa mtu mzima afadhali kitufe, anabonyeza tu. Nikamwambia umeme kwetu unakatika sana, na ni kweli unakatika. Yule fundi, bila ubaya wowote, akasema basi la mpini nalo lina faida yake, mpini unachomoka, ukiuweka ndani hakuna mtu atakayelikunjua bila ruhusa yako. Nikasema nataka hilo. Siku ile sikuwa na nia mbaya, lakini yale maneno yalinikaa kichwani na sikuyasahau.

Lilipofungwa, mama mkwe alilikunjua mwenyewe, mizunguko ishirini na miwili, anaihesabu kwa sauti, halafu akavuta kiti, akaketi, akanyoosha miguu, akasema sasa ndiyo amehamia rasmi. Nilifurahi mno. Wiki ya pili muuza mboga anayepita na beseni akaanza kulitua pale kwetu apumzike. Fundi viatu wa pale kona akaona kivuli, akaleta stuli yake. Mwalimu mmoja mstaafu akawa anakuja na gazeti, anamsomea mama yale maandishi asiyoruhusiwa kuyakodolea macho, wanabishana habari baada ya habari. Barazani kwangu, Shangazi, ambako kwa miaka minane hakuna mtu aliyewahi kukaa zaidi ya kumaliza glasi ya maji na kuaga.

Nikawa nikitoka kazini nasikia kicheko tangu nikiwa kona, nikifungua geti kicheko kinashuka, wote wananisalimia kwa adabu zote, pole na kazi, pole na jua, kisha mmoja mmoja anakumbuka kwamba kuna jambo aliliacha kwake. Watu wa mtaani wakaanza kuelekeza wageni kwa kusema pale kwa Bibi Kivuli. Siku moja yule muuza mboga akanitazama kwa upole kabisa, akaniuliza, "Na wewe dada, umepanga hapa?" Mama mkwe alicheka mpaka akashika ubavu, akamwambia huyu ndiye mwenye nyumba, na kivuli hiki unachokiona ni yeye aliyenichagulia, alivimwagia vitambaa maji kama mtu anayemwagilia bustani. Wote wakacheka, mimi pia nikacheka, nikaingia ndani nikakaa kitandani na mkoba wangu ukiwa bado begani.

Niliona wivu. Nimelizunguka neno hilo tangu mwanzo wa barua, basi nimeshaliandika. Nilimwonea wivu mwanamke wa miaka sabini na mbili mwenye macho mabovu kwa sababu watu wanapenda kukaa naye, na hata sasa nikiliandika uso unanichoma.

Jumatatu moja niliomba ruhusa kazini, kichwa kinaniuma kweli, nikafika nyumbani nikakuta mama mkwe amekwenda kliniki ya macho. Turubai limekunjwa, baraza tupu, mpini umetundikwa kwenye msumari wake. Ningependa kukwambia mkono ulikwenda wenyewe, lakini sivyo, nilijua ninachofanya. Niliutoa, nikaukunja katikati maana una kiungo, nikauviringisha ovyo ovyo kwenye shuka la zamani, nikausukuma chini kabisa ya kabati langu la nguo, nyuma ya maboksi ya viatu. Mama mkwe aliporudi na miwani yake myeusi akatafuta mpini ukutani, mimi nikasema fundi amepita kukagua, amesema meno ya ndani yameharibika, kaondoka nao mpaka kipuri kifike. Alisimama akalitazama lile turubai lililojikunja juu ya dirisha, akaniuliza, "Kwani nilizungusha vibaya?"

Nikanyamaza.

Ndicho kinachoniua hicho. Kule kuficha ningeweza kusema ni hasira za siku moja. Lakini aliniuliza swali, na jibu lake lilikuwa neno moja, hapana, ningesema hapana mama, ni ubovu wa kiwandani, uongo ningekuwa nimeuongeza lakini yeye ningekuwa nimemtua. Nilinyamaza, nikaenda jikoni kuchemsha chai, na ukimya wangu ndio uliomjibu.

Siku mbili za kwanza nilirudi nyumbani kukiwa kimya nikajiambia nimepumzika. Wageni wake walikuja, wakasimama juani, wakachungulia, wakamjulia hali dirishani, wakaondoka. Fundi viatu alirudisha stuli yake pale kona. Mama mkwe akarudi nyuma ya pazia na vidole vyake viwili, na hakulalamika hata mara moja, ila kila nikirudi alikuwa akiniambia nimsamehe, kitu kizuri kile nilikihangaikia na yeye amekiharibu. Mchana mmoja nilimkuta amekaa nje juani, taulo kichwani, macho mekundu yanamtoka machozi, akasema ndani hewa imemshinda, akaniomba nisimwambie daktari. Nilimpeleka ndani, nikamwekea kitambaa cha maji baridi machoni, akanishukuru. Alinishukuru mimi, Shangazi.

Nimejaribu kuurudisha ule mpini mara tatu. Mara ya mwisho nilipiga magoti mbele ya kabati, nikasogeza maboksi, nikaukuta umelala pale pale ndani ya shuka lake lililokunjwa pembe kwa pembe, nikashindwa, nikafunga mlango, maana nilijiuliza ningesema nini, fundi kaja Jumapili, hajabisha hodi, hakuna aliyemwona. Nikabaki na aibu yangu na ufunguo wa kabati mfukoni, na kabati lenyewe si kila siku nalifunga kwa ufunguo.

Wiki iliyopita mume wangu alirudi safari. Kabla hata hajavua viatu akauliza mbona turubai limekunjwa na jua lote hili. Nilifungua mdomo, sijui ningesema nini, mama mkwe akaniwahi. Akasema, "Mimi ndiye niliyeliharibu, nilizungusha kinyume. Usimsumbue mkeo, ameshahangaika vya kutosha." Mume wangu akacheka, akatoa simu ampigie yule fundi, mama akamshika mkono, akamwambia aache, fundi ana kazi zake, asisumbuliwe. Halafu, kama mtu aliyekuwa amelipanga, akasema ameona amekaa kwetu vya kutosha, lori litakapopita upande wa kwa binti yake, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na yeye atapanda. Wifi yangu huyo anakaa ghorofa ya nne, hakuna baraza, na ngazi zile kwa magoti ya mama akishapanda hatashuka tena mpaka aitwe daktari. Mume wangu akanigeukia, naona alikuwa anasubiri niseme mama haendi popote. Nikasema, "Kama mama mwenyewe anapenda."

Mume wangu ameshaondoka tena safarini, na sasa nina mpango, ndiyo sababu ya barua. Nimerudi dukani, nimeona turubai jipya la rimoti, upepo ukizidi linauhisi na kujikunja lenyewe. Nimefikiri nilinunue kama zawadi kwa mama kabla ya hiyo Jumamosi, la zamani ling'olewe lote, na hapo hakuna atakayeuliza tena habari za mpini. Ila nashindwa kuchagua, sijui nichukue kijani tena au la michirizi, la rimoti au la kitufe cha ukutani, na fundi anasubiri jibu. Nisaidie nichague, Shangazi. Na kama unaona afadhali nimwache aende zake na mimi nibaki na siri yangu, niambie pia, nitaikubali adhabu hiyo.

Ni mimi,
Mwenye Kabati

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Mwenye Kabati. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, na nimeirusha foleni ya wenzako wote kwa sababu Jumamosi yako iko karibu. Wenye foleni watanisamehe.

Tuanze na turubai, maana ndilo uliloniuliza. Huhitaji jipya. Ulilonalo umelichagua kwa akili kuliko wengi wanaoniandikia baada ya kununua kwa kutazama rangi. Ulipima ukuta, ulijaribu kitambaa kwa maji na kwa jua, ulifikiria upepo na ulifikiria macho ya mgonjwa. Rimoti ni kitu kizuri kwa mwenye kuiona. Mama mkwe wako ataitafuta chini ya mito kila siku, na umeme ukikatika turubai litabaki nje linapigwa na upepo. Mizunguko ishirini na miwili inamnyoosha mabega. Upepo ukianza kuvuma likunjwe, na likilowa mvua likunjuliwe mpaka likauke, ukilikunja bichi litavunda. Msumari wa mpini ubaki pale ulipo, mkono wake unaufikia. Mpigie fundi mwambie asisubiri. Habari ya turubai imeishia hapo, na wewe ulijua imeishia hapo kabla hujanunua bahasha.

Sasa tuje kwako. Unataka kung'oa turubai zima ukutani ili usiulizwe chuma kimoja. Mwenzangu, huo mkono wa kufanya mambo makubwa kukwepa neno dogo uuangalie vizuri, ndio uliokufikisha hapa.

Wivu wako sitaucheka. Mtu anayeshinda nyuma ya kioo, watu wakimwambia stempu na kuondoka, akarudi kwake akakuta watu wanacheka mbele ya mlango wake na hakuna aliyemsogezea kiti, ataumia, na ningekuwa mimi ningeumia. Lakini hebu niambie, uliwahi kukaa? Barua yako ni ndefu, nimetafuta sentensi moja inayosema ulikaa barazani na wale watu, sikuiona. Umekaa kitandani na mkoba begani. Umejifungia stoo ya vifurushi. Umepiga magoti mbele ya kabati. Wale watu walikuwa wakinyanyuka kwa sababu waliona mwenye nyumba amechoka na anapita moja kwa moja ndani. Hiyo ni adabu, wewe ukaipokea kama wamekufukuza. Na mama mkwe wako, alipoulizwa wewe ni nani, aliwaambia wote kwamba kivuli ni chako. Umeiandika mwenyewe hiyo, ukaipita bila kuisikia.

Kukaa kimya pale ulipoulizwa, hapo sikuachii. Mtu mzima amekuuliza kama ameharibu, ukaenda kuchemsha chai. Halafu ukamtazama akikaa juani na macho ya kupasuliwa, akikushukuru kwa kitambaa cha maji, na mpini uko hatua kumi kutoka alipolala. Ona aibu. Aibu yako ni ya haki, usitafute mtu wa kukuondolea, mimi sitakuondolea.

Na sasa, kama umesimama, keti, kwa sababu kuna jambo umeniandikia bila kujua umeliandika. Ulisema uliuviringisha mpini ovyo ovyo kwenye shuka la zamani. Nimelipigia mstari. Ukurasa unaofuata unasema ulipofungua kabati ulikuta shuka limekunjwa pembe kwa pembe. Nimepiga mstari na hapo. Katika nyumba yenu ni nani anayekunja pembe kwa pembe? Ni nani anayekupangia nguo kabatini ukiwa kazini?

Mama mkwe wako aliuona mpini, Mwenye Kabati. Aliuona akiwa na nguo zako mkononi, akaukunjua, akaujua, na mkono wake wa miaka thelathini haukuweza kuliacha shuka limefungwa ovyo, akalikunja anavyojua yeye, akaurudisha nyuma ya maboksi ya viatu. Alikuwa anajua alipomwambia mwanawe kwamba yeye ndiye aliyeharibu. Alikuwa anajua alipomshika mkono asimpigie fundi, kwa sababu fundi angesema hajachukua mpini wa mtu, na wewe ungevuliwa nguo mbele ya mumeo sebuleni kwako. Hakuomba kwenda ghorofa ya nne kwa sababu ya kuharibu turubai. Ameona mwenye nyumba hamtaki barazani, akaamua kuondoka na lawama aibebe yeye, wewe ubaki na ndoa yako na heshima yako. Nawe ukasema kama mama mwenyewe anapenda.

Basi sikiliza, na uyafanye kama nilivyoyapanga. Leo hii ukitoka kazini nenda kwake, yeye kwanza, mkiwa wawili. Usimwambie kichwa kilikuwa kinauma, usimwambie habari za umeme, wala usimtaje shetani, hakuwepo. Mwambie lile neno ulilolizunguka tangu mwanzo wa barua, liseme kwa jina lake, nilikuonea wivu, nikauficha mpini, ukaniuliza nikanyamaza. Na usitangulize machozi, maana ukilia atakubembeleza na itakuwa kazi yake tena; kama unayo, yahifadhi ukayalie jikoni baadaye. Mumeo utamwambia wewe mwenyewe kabla hajarudi, kwa simu, kwa mdomo wako, asikie kwamba mama yake hakuharibu kitu. Atakasirika. Acha akasirike, ana haki.

Mama akikusamehe, usiringe. Akisema bado anataka kwenda kwa binti yake, hiyo ni haki yake pia na usimng'ang'anie mbele ya watu, lakini asiende na kosa lako begani, na ajue kwa kinywa chako kwamba kiti chake hakikaliwi na mtu. Akibaki, kesho yake toa viti viwili. Muuza mboga akitua beseni usikimbilie ndani, tua na wewe huo mkoba, kaa. Siku za mwanzo hutajua pa kuweka mikono. Kaa hivyo hivyo, kuna siku utacheka kabla hujajua umecheka.

Na mpini wenyewe usiutoe ndani ya shuka. Mpelekee kama ulivyo, na ule mkunjo wake, umwekee magotini, akiuona tu atajua kwamba na wewe sasa umejua. Mwachie aufungue kwa mkono wake. Jumamosi ikifika, nataka lile lori liondoke na mizigo ya watu wengine tu.